Mwambao Alikonipeleka Baba Skola

Mmeniuliza wengi, na kila mmoja nimemjibu kipande. Walimu wenzangu wamesikia habari ya maksai waliovuta basi, majirani wa Majengo wamesikia habari ya boti, na sokoni kuna aliyeniambia kwamba amesikia nimeachika. Sijaachika. Nimeona niandike yote mara moja, mpeane msome, nami nipumzike.

Kwa asiyetufahamu vizuri: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ilembo, Msukuma niliyekulia nyuma ya ng'ombe. Baba alihama na mifugo kutoka Shinyanga, tukakaa Tabora kidogo, mwisho tukatua Mpimbwe, na mimi nikaolewa Mpanda mjini. Mume wangu Kasiano, Baba Skola, ni Mbende wa Karema, huko Ziwa Tanganyika. Ananunua dagaa ziwani na kuwauza Mpanda. Skola, mtoto wetu wa pekee, yuko chuoni Sumbawanga, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili na redio.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kuna mwalimu wa Kilwa, Mwalimu Zuhura, aliyetaka tubadilishane vituo, yeye aje shule yangu na mimi niende yake. Mume wake ni fundi umeme hapa Mpanda na wamekaa mbalimbali kwa miaka. Walimu mnajua nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Nami nilikuwa naitaka, tena sana. Si kwamba nimemchoka mtu. Maisha yangu yote nimehama kwa kumfuata mtu, kwanza baba na ng'ombe wake, halafu mume, na nilitaka mara moja tu nihamie mahali nilipopachagua mwenyewe. Baba Skola nilipomweleza hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tutaona," akaongeza sauti ya redio.

Ndipo nikatoa shauri. Nikamwambia likizo hii ya Desemba twende wote mwambao, tuone magofu ya kale, tutembee miji yake, tukiwa hukohuko tuamue pamoja. Akafikiri, akasema, "Magofu na miji ya mwambao. Niachie mimi nipange."

Nikamwachia. Zuhura alikuwa amenipa mpaka mwisho wa wiki ya safari, maana kulikuwa na mwalimu mwingine, wa Mlele, ambaye naye alikuwa anaitolea macho hiyo nafasi.

Stendi

Tulifika stendi Jumatatu alfajiri. Nilikuwa nimevaa ndala mpya na kujitanda mtandio niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya upepo wa bahari, na nimeshawaaga nusu ya Mpanda. Basi la Tabora lilikuwa limewasha injini. Nikalielekea huku nikiita, "Baba Skola, huku." Nilipogeuka nikamwona upande wa pili wa stendi, anampa kondakta begi langu alipandishe juu ya kosta ya Karema.

Nikarudi taratibu.

"Hilo linakwenda Karema," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Sisi tunakwenda Kilwa."

"Ulisema mwambao na magofu. Karema kuna ngome ya zamani, zimebaki kuta. Halafu Ikola ni mwambao, Karema ni mwambao. Hata redioni kila siku wanasema, wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika."

Alisema hivyo uso mkavu. Miaka yote ya ndoa yetu bado sijajua kutofautisha uso wake akisema kweli na uso wake akisema uongo, maana ni uso huo huo mmoja. Nikamuuliza amekosea au amenichezea. Akasema, "Siku mbili tu, Mama Skola. Tukirudi tunapanda la Tabora, tunaunganisha mpaka huko kwako. Utamwahi huyo mwalimu."

Nikamgeukia kondakta nikamwambia anishushie begi langu.

"Mama," akasema, "juu ya begi lako nimeweka sembe, juu ya sembe nimeweka godoro, juu ya godoro kuna kuku wa watu. Nikushushie wewe, hawa wengine niwaambieje?"

Abiria wakacheka. Basi la Tabora likapiga honi, likaondoka. Nililitazama mpaka likakata kona, kisha nikapanda la Karema nikiwa nimevimba kwa hasira, nikakaa dirishani, nikaweka mkoba kwenye kiti cha katikati ili asikae karibu nami.

Matope

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Aliyesema hivyo hajapita barabara ya Karema wakati wa mvua. Barabara inajengwa, kwa hiyo kila baada ya kipande kizuri unateremshwa kwenye mchepuko, na mchepuko huo ulikuwa uji mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Baba Skola alininunulia mahindi ya kuchemsha nikakataa, akanunua karanga nikakataa, akala vyote yeye. Njaa ilinikamata kabla hata hatujafika mbali, lakini mtu aliyenuna hawezi kuomba karanga.

Kwenye mchepuko mmoja kosta ilizama mpaka ngazi ya mlango. Wanaume wakashuka wakasukuma, gurudumu likazidi kuchimba. Kondakta akaona zizi ng'ambo ya shamba, akaenda kuomba maksai waje watuvute. Akarudi peke yake. Mwenye maksai amekataa, akasema, kuna lori lilimvunjia nira na dereva akaondoka bila hata pole.

Nilijua tukilala pale siku alizonipa Zuhura zitakwisha. Nikavua zile ndala mpya, nikakunja gauni, nikapita matopeni mpaka zizini. Nilimkuta mfugaji wa makamo, amevaa koti la mvua na kofia ya pama, anafungua kamba bila kunitazama. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia kikwetu, "Mwangaluka." Akasimama. Akaniuliza mimi ni binti wa nani, na baba alichungia wapi, na mama ni wa ukoo gani. Maswali hayo kwetu hayarukwi hata nyumba ikiungua. Kufika kwenye ng'ombe wa baba wa Mpimbwe akaanza kutabasamu, maana kumbe waliwahi kunywesha kisima kimoja.

"Kwa nini huyo mwenye basi hakusema ana mtoto wa watu ndani?" akasema, akaenda kutoa maksai.

Wale wanyama walilitoa basi kwa ustaarabu kuliko wanaume wote tuliokuwa nao. Yule mfugaji akasimama na fimbo yake dirishani kwangu akaniuliza safari ni ya wapi. Nikamjibu kwa sauti, ili na mwingine asikie, kwamba mume wangu ananipeleka mwambao.

"Mwambao gani? Huko mbele ni ziwani tu. Mwambao ni kule kwa Waswahili, kwenye chumvi."

Nikamgeukia Baba Skola. "Umesikia?"

"Huyo ni Msukuma mwenzio," akasema. "Kwake ziwa ni mahali pa kunyweshea."

Basi zima likaangua kicheko, na yule mfugaji akacheka kuliko wote. Mimi niliuma mdomo. Nilikuwa karibu kucheka, na kununa kunataka msimamo.

Ikola

Tuliingia Ikola jioni tukaambiwa safari ya kosta imeishia hapo. Mbele yetu maji ya korongo yalikuwa yamekata njia ya Karema, na nyuma yetu, kwa habari za simu, ule mchepuko tuliotoka ulikuwa umefungwa kabisa. Kwa hiyo sikuweza kwenda wala kurudi. Hofu ilinishika hapo, hofu ya kweli, kwa sababu siku mbili za Baba Skola zilikuwa zimeshaota miguu.

Akanipeleka kulala kwa Mama Yuda, mwanamke anayemuuzia dagaa. Mama Yuda alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake walitoka Burundi, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa Kirundi. Mwili mkubwa, mikono myepesi. Aliniwekea maji ya kuoga kabla hajaniuliza jina, kisha akaleta ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa hili, aliyeungwa kwa mawese. Nilikula mpaka nikasahau kwamba nimenuna. Baba Skola akaenda kutafuta habari za boti ya kesho, tukabaki wawili.

"Na mabati je, mama?" akaniuliza Mama Yuda huku akinawa. "Kasiano alisema mvua hii haitaisha hajaezeka."

Sikujua anasema nini. Lakini mwanamke akiulizwa jambo la mumewe asilolijua hasemi sijui. Nikasema, "Bado."

"Ni nyumba nzuri. Ukipita na boti pale Karema unaiona. Nilimwambia, Kasiano, nyumba inatazama ziwa namna hii, huyo mwanamke unayemjengea lazima ni wa ziwani. Yeye akacheka tu."

Mimi si wa ziwani. Mama Yuda hakujua hilo, alidhani ananisifu. Nilitabasamu, nikamsaidia kukusanya vyombo, na sahani zikawa zinagongana.

Usingizi ulinipitia mbali. Nilikuwa nimekuja na swali moja, kama mume wangu atanifuata Kilwa au ataniacha niende. Sasa lilikuwa limezaa swali jingine, Karema anamjengea nani. Nikaanza kupanga mambo kichwani. Zile safari za dagaa alizokuwa anachelewa kurudi zilipata maana. "Tutaona" yake ikapata maana. Hata kuniacha niwaage watu stendi kukapata maana, kwamba labda ananileta nikaonyeshwe mwenzangu, niende Kilwa kwa amani na yeye abaki kwa amani.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali na boti hazikutoka. Mtandao wa simu Ikola unapatikana vizuri karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, kwa hiyo nikaenda kusimama pale katikati ya dagaa walioanikwa, ambapo hujui hata mguu uuweke wapi. Meseji ya Zuhura ikaingia. "Mwalimu salama? Yule wa Mlele kanipigia tena. Nakungoja wewe, dada yangu, ila usinicheleweshe." Niliisoma nikashindwa kuijibu. Kama kweli Karema kuna mwanamke, basi ningemjibu Zuhura kwa hasira, na mimi nilitaka nikienda Kilwa niende kwa kupenda.

Mvua ikaanguka ghafla. Mama Yuda na wenzake wakakimbilia dagaa wao, nami nikakimbia nao, tukakusanya kwa mikono, kwa makopo, kwa vitenge. Baba Skola alikuja akashika upande mmoja wa turubai na mimi nimeshika mwingine. Tulitazamana juu ya dagaa waliolowa, maji yanatutiririka usoni. Ningeweza kumuuliza pale pale. Lakini Mama Yuda alikuwa anaomboleza mzigo wake, na sikuona ni haki kuongeza msiba juu ya msiba.

Upepo ulituweka Ikola siku mbili nyingine. Tulikula mgebuka tukala dagaa, tukala dagaa tukala mgebuka, na lile swali likakaa kooni mwangu kama mwiba wa samaki.

Majini

Asubuhi boti ilipotoka sikutaka kupanda. Mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe akiona maji yasiyo na ng'ambo anajua hayo si ya kwake. Lakini ilikuwa Ijumaa, na kwa barabara iliyokatika hakukuwa na namna nyingine. Nikapiga moyo konde, nikakaa kwenye ubao katikati ya magunia na madumu, nimeushika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

Tulipotoka mbali na nchi kavu mawimbi yakaanza kuingia. Nahodha akapunguza moto, akawapa wanaume makopo wachote maji. Baba Skola alikuwa mbele yangu anachota anamwaga, anachota anamwaga. Nikamtazama mgongo wake na nikagundua kwamba hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo mume wangu hawezi kuinuka akaenda kuongeza sauti ya redio.

"Baba Skola," nikamwita. "Karema unamjengea nani?"

Kopo likasimama hewani. Abiria wote wakatugeukia. Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyepakata bata, na hata bata aligeuza shingo.

"Nani kakuambia?"

"Nimekuuliza swali."

Wimbi likatupiga ubavuni, nikalowa mpaka kifuani, na mkoba wangu uliokuwa miguuni ukaingia maji. Nahodha akapiga kelele kwamba watu wachote. Baba Skola akachota. Nilikuwa na hofu na hasira pamoja, sijui ipi ilikuwa kubwa. Nikamuuliza mara ya pili.

Yule mama mwenye bata akasema kwa upole, "Mjibu mwenzio, baba. Tukizama tuzame tumesikia."

"Tukifika," akasema Baba Skola bila kugeuka. "Tukifika nitakuonyesha."

Aliendelea kuchota maji mpaka Karema. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba nikikanyaga nchi kavu ninatafuta mtandao, namjibu Zuhura ndiyo, na narudi Mpanda hata kwa miguu.

Karema

Watu wa Karema walimpokea Baba Skola kwa shangwe na mimi kwa heshima, shikamoo mwalimu, pole na safari mwalimu, na kila mwanamke aliyenipa mkono nilimpima kwa macho. Alinipeleka kwanza kwenye kuta za ngome. Nikamwambia sitaki kuona ngome, nataka kuonyeshwa alichosema ataonyesha. Akasema, "Nilikuahidi magofu. Anza na haya."

Zilikuwa kuta nene za zamani, walizojenga Wazungu kabla hata ya Mjerumani, majani yameota juu. Ningekuwa na moyo mtulivu ningezipenda. Baba Skola akanieleza kwamba wakati inajengwa, ziwa lilikuwa linapiga karibu kabisa na pale. Baadaye maji yakarudi nyuma. Waliojenga walijenga kwa ajili ya maji, na maji yakaondoka yakawaachia kuta. Kisha akasugua jiwe kwa kidole gumba, na nikaona anatafuta jinsi ya kusema kitu, hapati.

"Twende," akasema.

Pale aliponipeleka palikuwa kwenye mwinuko kidogo, kiwanja cha marehemu baba yake. Palikuwa na pagale. Tofali za kuchoma zimefika kwenye lenta, milango haina fremu, ndani magugu yamefika magotini. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mbuzi mmoja amejikinga jua kwenye chumba ambacho nadhani kingekuwa sebule. Alikuwa akijenga kidogo kidogo kwa kila safari ya dagaa, akasema, tangu Skola aende chuo.

"Unamjengea nani?"

"Wewe. Nani mwingine?"

Nilikaa juu ya rundo la tofali. Nilifurahi, sifichi, furaha ilinipanda mpaka masikioni. Halafu nyuma ya ile furaha ikaja hasira kubwa kuliko ile ya stendi.

"Na mwambao? Ulikosea au ulinichezea?"

"Nilijua unasema Kilwa," akasema. "Neno la redioni lilinisaidia tu. Niliona ukishafika kule hutarudi. Nikaona nikulete uone hii kwanza."

"Ungesema usiende. Neno moja. Ningelisikia nikiwa nimekaa jikoni kwangu, mkavu. Badala yake umenipitisha matopeni, umenilaza kwa watu nikidhani nina mke mwenzangu, umenitia majini, ili nije nione tofali."

"Kukwambia usiende siwezi."

"Kwa nini?"

Hapo hapo simu yangu ikaita. Ilikuwa Zuhura. Simu yenyewe ilikuwa imelowa kwenye mkoba, na bila kuweka spika nilikuwa sisikii kitu, kwa hiyo nikaweka spika.

"Mwalimu, samahani kukusumbua," sauti ikajaa lile pagale. "Yule wa Mlele anataka jibu leo. Mimi nimemwambia nakungoja wewe kwanza. Mume wangu ameshaanza kutafuta nyumba yenye chumba cha watoto. Niambie tu, dada, hata kama ni hapana. Nikijua nitalala."

Mimi ni mtu wa kusikika madarasa matatu mbali. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nilitazama zile kuta, nikatazama mlango usio na fremu na ziwa linaloonekana ndani yake, nikamtazama Baba Skola. Nilitaka Kilwa. Nilitaka na yeye. Na hapakuwa na neno moja la Kiswahili ninalofundisha kila siku ambalo lingebeba vyote viwili.

"Mwalimu? Upo?"

Baba Skola akanyoosha mkono akachukua simu.

"Shemeji, habari za huko. Mimi ni mume wa mwalimu."

"Nzuri, shemeji. Poleni na likizo."

"Anakuja," akasema. "Wewe mwambie huyo wa Mlele atafute pengine. Ila nakuomba kitu kimoja, watu wako wampokee stendi, maana huko hana mtu. Na samaki wa huko wasimbanie. Anakula vizuri akiwa amenuna."

Zuhura alikuwa analia. Tulimsikia akisema asante, shemeji, asante, kisha mtandao ukakata.

"Nani kakutuma unisemee?" nikamuuliza, na mimi machozi yananitoka.

"Ungekuwa hutaki ungesema. Wewe hujawahi kunyamazia kitu usichokitaka."

Akanirudishia simu. Akaenda kumfukuza yule mbuzi, polepole, bila fimbo, akasimama mahali ambapo pangekuwa jikoni akiwa amenipa mgongo. Nilikuwa nimemshinda. Sikuwahi kushinda kitu kikaniuma namna ile.

Nyumbani

Tulirudi Mpanda njia ilipofunguliwa. Safari hii mkoba niliuweka miguuni, akakaa karibu, tukala karanga. Karatasi za uhamisho sitawachosha nazo, mnazijua wenyewe, ila zimeshakwenda na za Zuhura zimeshakwenda. Lile pagale ataliezeka, anasema, wafanyakazi wa bandarini Karema wanatafuta nyumba za kupanga. Biashara yake iko ziwani, dagaa wake wako ziwani, na mama yake mdogo yuko ziwani. Mimi naondoka shule zikifungua.

Jana nilikuwa nakunja nguo, akaja akasimama mlangoni akasema atanisindikiza. Nikamuuliza mpaka wapi. Stendi? Tabora? Dar?

"Kwani kwenu msindikizaji anageukia wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia kwetu msindikizaji hajigeuzi mwenyewe. Mwenye safari ndiye anayesimama, anasema basi, hapa panatosha, rudi. Asipolisema, unaendelea kwenda naye.

"Hata kwetu ni hivyo," akasema. Akatoa begi lake dogo juu ya kabati, akaanza kutia mashati.

Basi nyie mnaouliza kama tumeachana au hatujaachana, sina jibu zaidi ya hilo. Leo asubuhi nilipokuwa peke yangu jikoni nilijaribu kulitamka neno lile, hapa panatosha, rudi, nione kama linasemeka. Halisemeki.